Mnazi wa daftari kule Ganda: ghali, wa foleni, na haujaongezwa maji

Nianze na bei, maana najua ndiyo mtakayoniuliza. Lita moja ya mnazi, yaani tembo linalogemwa mtini, ni shilingi 150 kwa huyu mgema wa Ganda, nje kidogo ya Malindi. Kwa pesa hiyo mangweni, kwenye vilabu vya mnazi, unakunywa mpaka unaanza kuwasamehe watu waliokukosea, na nauli ya bodaboda inabaki. Tena huyu mgema hakuuzii siku unayotaka wewe. Jina lako liwe kwenye daftari kwanza, zamu yako ifike, ndipo upewe lita mbili. Tatu ikiwa kuna aliyeshindwa kuja. Hakuna kuongezewa, hakuna kukopeshwa. Na bado nasema, kama unaujua mnazi, au uliujua zamani ukausahau kwa kuzoea maji yaliyotiwa sukari, kajiandikishe.

Mjue pia nahukumu kwa ulimi gani. Nafanya kazi kwenye mkahawa wa Mtaliano mmoja hapa Malindi mjini, na ufunguo wa stoo ya divai uko kwangu. Waitaliano walianza kuuzoea mji huu miaka ya 1960, wakati wenzao walipokuwa wakirusha roketi kutoka kwenye jukwaa la San Marco, baharini kule Ngomeni, na walipokuja hawakuacha vinywaji vyao nyumbani. Upande wa pili, mimi ni Mgiriama wa Kakuyuni. Nyanya yangu alikuwa akinywa mnazi kwa mrija, amekaa kwenye kigoda, na mtu akimletea ulioongezwa maji anaurudisha bila kusema neno. Kwa hiyo nimelelewa na mnazi na nimeajiriwa na divai, na sioni haya kuvipima kwa mizani moja.

Huu mtindo wa daftari haukunishangaza hata kidogo, kwa sababu bosi wangu ananunua divai zake nzuri vivyo hivyo. Kuna wakulima wa zabibu kule Italia wenye kashamba kadogo tu, na divai yao haionekani dukani. Mavuno yakishakuwa tayari, mkulima anawaandikia waliomo kwenye orodha yake: mwaka huu fungu lako ni chupa sita, lipa kabla ya tarehe fulani. Usipolipa, fungu linahamia kwa aliyekuwa akikungojea nyuma, na mwaka ujao usishangae ukisahaulika. Bosi hulipa siku ileile. Nimemwona akiacha sahani ya chakula ipoe ili alipe.

Na si kwamba akilipa anakunywa. Barolo, moja ya divai zao nyekundu, kwa sheria yao haiuzwi kabla ya kukaa miezi 38, na 18 kati ya hiyo iwe ndani ya pipa la mti. Brunello di Montalcino ndiyo ya kuchosha kabisa: zabibu zikichumwa mwaka huu, chupa yake haitoki kuuzwa mpaka Januari ya mwaka wa tano baada ya mavuno. Kisha inafika Malindi, inalazwa stoo, na bosi anasema bado ni changa. Mimi ndiye ninayelinda joto lisiiharibu, maana kwenye mji huu chupa iliyosahauliwa karibu na dirisha mwezi wa pili, ukija kuifungua unakuta imepikika.

Huko Marekani mambo yamevuka mipaka. Kuna shamba la California linaitwa Screaming Eagle, lililoanza na mavuno ya 1992, masanduku mia chache tu, na mpaka leo watu husubiri miaka ili waingie kwenye orodha yake. Wengine wakiingia hawafungui hata chupa moja. Wanaiuza kwa aliyekosa, kwa bei ya mara kadhaa. Hapo ndipo ninapowaachia wenyewe. Nimeonja divai za orodha kwenye kazi yangu, nyingine zilinifumba macho kwa utamu, lakini nyingine ninaamini zilikuwa tamu kwa sababu tuliambiwa ziko chache.

Mnazi wa Ganda uchache wake hauna ujanja. Unaweza kwenda ukauhesabu kwa macho.

Mgema ni mzee wa makamo. Namwita baba, naye ananiita mwanangu ingawa sidhani ananizidi sana. Anagema minazi michache, mingine yake na mingine ya kukodi, yote ile mirefu ya asili. Vitamli vifupi viko uani, lakini hivyo ni vya madafu na hataki kuvigusa. Mnazi mrefu hutoa panda jipya, yaani kishada cha maua, kama kila mwezi, na kila panda analoligema ni mkungu wa nazi ambao hautazaliwa. Nazi moja inachukua karibu mwaka mzima kukomaa. Kwa hiyo mwenye mti wa kukodi anaposema kodi ipande, hasemi upuuzi, anahesabu nazi zake. Hiyo ni sehemu ya shilingi 150 zako. Sehemu nyingine ni miguu ya huyu mzee, ambaye anapanda kila mti asubuhi, adhuhuri na jioni, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Panda halijui sikukuu. Likiachwa bila kukatwa, jeraha linakauka na utomvu unakata.

Nilimwomba nitazame akifanya kazi, akakubali kwa sharti nisimsemeshe akiwa juu. Shina lina vikato vya kukanyagia vilivyochongwa miaka hiyo, vimelainika kwa nyayo. Kotama, kile kisu cha mgema, iko kiunoni ndani ya ala ya mti, kibuyu kitupu kiko mgongoni. Panda lenyewe linakuwa bado limefumbika ndani ya karara lake, limefungwa kwa kamba kutoka shingoni mpaka karibu na ncha, na limevutwa siku baada ya siku mpaka likainama. Akafungua kibuyu kilichojaa, akakichungulia, akawatoa nyuki waliozama kwa kijiti, akakining'iniza pembeni. Kisha akachomoa kotama na kukata ncha ya panda. Kipande kilichoanguka kilikuwa chembamba hata jua lilipita ndani yake. Nilikiokota. Alinieleza baadaye, akiwa chini, kwamba akikata nene panda linakwisha kabla ya wakati wake na mti unakuwa umeumizwa bure. Baada ya mkato ule utomvu ulianza kujikusanya palepale, tone likining'inia, likidondoka, rangi yake kama maji ya mchele. Akafunga kibuyu kitupu chini yake, akafunika mdomo kwa kipande cha kuti ili nyuki wasijae, akashuka na kwenda mti wa pili. Hakuna mashine itakayoharakisha hapo.

Daftari analishika mkaza mwanawe, na ukweli ni kwamba biashara hii ni ya huyu dada kuliko ya mzee. Ni daftari la shule lililopigwa mistari kwa rula: jina, simu, lita, tarehe aliyochukua mwisho. Ukijiandikisha anakuuliza maswali mawili. La kwanza, nani amekuleta. La pili, ni wa kunywa au wa kuuza. Ukisema wa kuuza anakuelekeza kwa adabu kwa wagema wengine na anakupa hata namba zao. Mimi nilipelekwa na mpishi mwenzangu wakati wa kaskazi, na fungu langu la kwanza nililipata masika yakiwa yamekwisha. Kusubiri huko hakukuniudhi, kwa sababu aliniambia tangu siku ya kwanza kwamba nitasubiri. Ninaoudhika nao ni wale wanaosema njoo kesho.

Zamu yako ikifika unapata ujumbe jioni. Hauna salamu ndefu: “Dada, kesho asubuhi lita 2. Jibu kabla ya magharibi.” Unajibu, unatuma pesa kwa simu, na kesho yake unafika kati ya saa moja na saa tatu. Saa tatu ikipita hajui wewe ni nani. Mnazi wako unaenda kwa aliye pale mlangoni, au unaingia mtungi wa siki, na pesa hairudi. Wapo wanaoliona hilo ni jeuri. Mimi siwaungi mkono. Kinywaji hiki hakina kesho, na mtu anayekuja saa sita anataka kuuziwa kitu kingine kabisa kwa jina lilelile, halafu akaseme nje kwamba mnazi wa Ganda ni mchachu.

Sasa nije kwenye ulimi.

Unaouzwa asubuhi ni ule uliodondoka usiku kucha. Utomvu unapotoka kwenye panda una sukari ya asilimia kama 15 na hauna kilevi hata chembe. Lakini hamira ya asili iko hewani, iko kwenye ua, iko kwenye kuta za kibuyu, na inaanza kula hiyo sukari papo hapo. Hakuna anayeitia. Kwa hiyo saa moja asubuhi unakuta mambo yamefika katikati: utamu upo, wa mbele kabisa, lakini chini yake kuna vipovu vinavyochoma ncha ya ulimi, na harufu yake ni ya nazi changa na mkate ulioumuka. Mwishoni kuna uchachu kidogo unaosafisha kinywa ili utake tena. Uzito wake ndio unaokuonyesha haujaguswa. Unakaa ulimini, unashuka polepole.

Saa nne utamu umerudi nyuma hatua moja na kilevi kimesogea mbele. Hapa ndipo ninapoupenda mimi. Kufika adhuhuri ni mkavu, una nguvu ya bia au zaidi, na anayekunywa kwa kiu kwa sababu ulikuwa mtamu asubuhi hajui anachokifanya. Jioni uchachu umeshika usukani. Wazee wengine wanautaka hivyohivyo, wanasema wa asubuhi ni wa watoto wa shule, na siwezi kuwabishia kwa sababu kwa samaki wa kukaanga aliyetiwa pilipili na ndimu uchachu ule unafaa kuliko divai nyeupe nyingi ninazozifungulia wageni. Kesho yake ni siki. Usilie, weka kwenye chupa, tia pilipili na embe mbichi, una achari.

Kuna pia wa adhuhuri, ule wa saa chache tu juu ya mti, mtamu kupita kiasi na karibu hauna kilevi. Huu haumo kwenye daftari. Unanywewa na watu wa nyumbani na mgeni aliyebahatika. Nilipewa bilauri moja siku ile ya kutazama, kutoka kwenye kibuyu kilichosuuzwa kwa maji ya moto ili hamira ya jana isiuwahi. Ningeulipia shilingi 300 bila kubishana. Nikamwambia dada auze. Akacheka, akasema, “Huo ukiuzwa, baba atakunywa nini akishuka?”

Siku moja nilipeleka nusu lita kazini, nikaiweka kwenye friji ya divai nyeupe. Baridi haizuii, inachelewesha tu, lakini kufikia mchana ulikuwa bado una utamu wake. Nikammiminia bosi kwenye bilauri ya divai, nisimwambie kitu. Akaizungusha, akanusa muda mrefu, akaonja, akanusa tena. Akaniuliza ni ya mwaka gani. Nikamwambia ya leo. Alinitazama kama anayetaniwa, kisha akaimaliza. Sasa ananiuliza zamu yangu ni lini, na mimi namjibu anavyonijibu yeye nikimuuliza kuhusu Barolo zake: bado.

Mtaniuliza nimejuaje haujaongezwa maji. Ile methali ya mgema na sifa mnaijua, siirudii, ila niseme kipimo changu. Mimina kwenye bilauri ya kioo kisicho na rangi, weka kidole nyuma yake. Mnazi mzima ni mzito wa weupe, kidole hukioni. Ukikiona, kuna bomba la maji lilipita hapo. Pili, tazama povu. La mnazi mzima linapanda polepole, linashika ukingoni, ukitikisa linarudi. La mnazi wa maji linachemka mara moja na kufa. Tatu, sukari. Huu ndio ujanja wa siku hizi wa baadhi ya mangwe: wanaongeza maji, wanaona umepooza, wanatia sukari ya dukani ili mteja asigutuke. Utamu wa namna hiyo haushuki saa zinavyokwenda kama wa mnazi wenyewe. Unakaa mbele peke yake, hauna uchachu wa kuusindikiza, na kesho yake kichwa kinakueleza yaliyobaki. Mangwe moja hapa mjini, sitaitaja, niliwahi kununuliwa chupa ambayo kidole nilikiona mpaka ukucha.

Sasa lawama, maana si kwamba nimepewa mnazi wa bure ili niwasifie.

La kwanza na kubwa: pesa. Wazee wa kijiji wana haki yao ya kwanza. Pakitokea posa, matanga, au kesi ya kupelekwa kwa wazee, kadzama, ule mnazi wa mila, inatoka kwa huyu mgema, na daftari linafungwa siku hiyo. Sina neno na kadzama. Mahari ya Kigiriama bila mnazi ni mazungumzo tu, na mimi mwenyewe nilitolewa kwa vibuyu vya mnazi. Ninachokilalamikia ni kwamba ujumbe wa kuahirisha unakuja usiku wakati umeshalipa, na pesa zako hazirudishwi, zinaandikwa daftarini mpaka zamu nyingine. Na zamu nyingine huijui ni lini. Kuna Jumamosi nilikuwa na wageni kutoka Mombasa, mambo yote tayari, samaki wamekolea viungo, na saa nne usiku naambiwa kuna msiba. Nilisema pole, na ilikuwa pole ya kweli, lakini shilingi 300 zangu zilikaa kwenye daftari la mtu mpaka nikachoka kuzikumbuka. Nilimwambia dada uso kwa uso. Akanisikiliza vizuri, akaandika kitu pembeni ya jina langu, hakubadilisha chochote.

La pili ni chombo. Wao hawatoi. Uje na chupa ya kioo au kibuyu chako, kimeoshwa kwa maji ya moto bila sabuni, na dada anakinusa. Ndiyo, anakinusa mbele ya watu. Mitungi ya plastiki iliyowahi kukaa juisi au mafuta anairudisha. Naona ana haki, lakini mtu wa mara ya kwanza haambiwi, na nimeshuhudia kijana wa watu aliyetoka mjini na bodaboda akirudi mikono mitupu na mtungi wake wa njano. Mngemwambia kwenye ujumbe, jamani. Ni maneno matatu.

Na kwa kuwa hakuna atakayewaambia hili pia: usikaze kifuniko. Mnazi huu unaendelea kuchemka njiani, na ile barabara ya Ganda haibembelezi mzigo. Mwenzangu mmoja wa daftari alikaza kizibo barabara, na alipofika karibu na mjini mkoba wake ulikuwa umelowa, dereva amelowa, na kioo kimetapakaa ndani ya mkoba. Ziba mdomo wa chupa kwa jani la mgomba au kitambaa safi, uishike wima, na umwambie dereva aende taratibu.

La tatu siyo lawama hasa. Masika yakianza, mashina yanateleza na mzee hapandi miti yote. Zamu zinarefuka, na kuna wiki hupati ujumbe kabisa. Wenye hasira wanasema anawapendelea watu wake. Mimi nimeona mashina yale yakiwa yamelowa. Mtu anayetaka lita zake siku hiyo akapande mwenyewe.

Kuhusu kuuza tena, nimewahi kuona jina likikatwa. Mteja mmoja alikuwa akichukua zamu yake na ya shemeji yake, kisha mnazi unaonekana kwenye mangwe moja, umeongezwa maji, na muuzaji anajigamba kwamba ni wa mgema fulani wa Ganda. Mzee hakugomba. Alimwambia dada apige mstari, kalamu nyekundu, majina yote mawili. Nilipomuuliza kama si ukali kupita kiasi, alisema, “Mwanangu, yeye ametia maji, lakini watakaotukana watataja jina langu.” Wenye Screaming Eagle wangejifunza kitu hapo.

Kwa nani basi? Kwa mtu anayekunywa akiwa mmoja au wawili, asubuhi ya siku ya mapumziko, ambaye yuko tayari kuamka mapema na kukaa na kinywaji kinachobadilika mkononi mwake kila saa. Kwa sherehe hakifai, lita hazitoshi na tarehe huzipangi wewe. Kwa anayetaka kulewa haraka pia hakifai, ni kupoteza pesa na kuwanyima wengine. Usimtume mtoto kukuchukulia. Sheria hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kuuziwa, na dada, nashukuru, hampi hata akija na barua ya mwenye zamu. Na ukishaonja pale usiendeshe pikipiki mwenyewe. Utamu wake unadanganya kuhusu nguvu yake.

Bei ya 150 naiona halali, na nimeifanyia hesabu za stoo yangu. Divai ya nyumba, ile ya bei rahisi kabisa tunayouza kwa bilauri, bilauri yake moja inazidi lita mbili za mzee huyu, na hiyo imetoka kiwandani, imekaa kontena, imekaa bandarini Mombasa, na haina mtu hata mmoja nitakayemfahamu akianguka. Kama ningekuwa mimi ninayepanga bei ningeweka 200, nikarudisha pesa za watu siku ya msiba, na hakuna ambaye angeondoka kwenye daftari.

Kwa tano ninampa nne. Ile moja wanayo wao, imeandikwa pembeni ya jina langu.

Wakati ninaandika haya, daftari liko wazi kwa majina mapya machache, kwa sababu kuna watu wamehamia Kilifi na wengine wameacha kunywa. Ukifika Ganda uliza nyumba ya mgema wa daftari, bodaboda wote wanaijua. Nenda asubuhi au baada ya alasiri. Saa saba na saa nane mchana mzee analala, na dada hamwamshi kwa ajili ya mtu yeyote.